Maandalizi ya Mtihani wa Ufundi wa Kompyuta: Mambo ya Mbinu kwa Mwalimu wa Shule ya Msingi

Makala haya yamekusudiwa kwa wanachuo watakaopangwa kufundisha shule za msingi za vijijini, na hasa wale watakaopelekwa mahali kama Binza, mkoani Simiyu, ambako fundi wa kompyuta hapatikani kwa kupiga hodi nyumba ya pili. Nia yake ni kueleza namna mwalimu anavyoweza kujiandaa kwa mtihani wa awali wa ufundi wa kompyuta, na kuonyesha kwamba maandalizi hayo, yakifanywa kwa mbinu zilizo sawa, humfaidi darasani hata kama mtihani wenyewe hataufanya kamwe.

Haja ya jambo hili si ya kutafuta mbali. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 viligawiwa baadaye kwa walimu wa shule za umma, na baadhi ya shule zimepata kompyuta za mezani kwa msaada wa wahisani wa ndani na wa nje. Kila chombo kina siku yake ya kuharibika. Ndipo katika ofisi ya mwalimu mkuu huonekana kompyuta iliyofunikwa vizuri kwa kitambaa cha kufuma, haijawashwa kwa miaka miwili, na mitihani ya majaribio inaandikwa ubaoni kwa chaki kama zamani. Mara nyingi ugonjwa wa mashine hiyo ni mdogo, wa kutibiwa kwa nusu saa na bisibisi moja. Anayekosekana ni mtu aliyefundishwa kuitazama mashine kwa utaratibu.

Katika jambo hili tusijilaumu kupita kiasi. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na kizazi kizima cha walimu kilipita vyuoni bila kukigusa chombo hicho. Sera ya TEHAMA kwa elimu ya msingi ilikuja mwaka 2007. Kwa hiyo mwalimu wa leo hana mwalimu wake wa zamani wa kumwiga katika somo hili, na hana budi kujifundisha mwenyewe. Ni kujifundisha huko kunakohitaji mbinu.

Mtihani wenyewe

Mtihani unaojulikana zaidi duniani kwa fundi anayeanza ni ule uitwao A+, unaotolewa kwa jina la CompTIA lenye asili yake Marekani. Ulianzishwa mwaka 1993. Una karatasi mbili, na mtahiniwa hapati cheti mpaka azishinde zote mbili. Katika mtaala ulioanza kutumika Machi 2025, karatasi ya kwanza huitwa 220-1201, na ya pili 220-1202. Kila karatasi ina maswali yasiyozidi 90 na muda wa dakika 90. Alama hutolewa kwa kipimo kinachoanzia 100 hadi 900. Karatasi ya kwanza hushindwa kwa alama 675, na ya pili kwa 700. Mwanachuo asidhani kwamba 675 kati ya 900 ni asilimia 75 ya maswali. Kipimo hakianzi kwenye sifuri, na maswali hayana uzito sawa. Hivyo hesabu hiyo ya haraka, ambayo wengi huifanya, haina msingi.

Mgawanyo wa mada unastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu ndio unaotuongoza katika kupanga muda. Katika karatasi ya kwanza, vifaa vya mkononi vina asilimia 13, mitandao 23, maunzi ya kompyuta 25, kompyuta pepe na huduma za mbali 11, na utafutaji wa chanzo cha hitilafu 28. Katika karatasi ya pili, mifumo endeshi ina 28, usalama 28, hitilafu za programu 23, na taratibu za kazi 21. Mwenye kujumlisha ataona mara moja kwamba kutafuta chanzo cha hitilafu kumechukua zaidi ya robo ya karatasi ya kwanza na karibu robo ya karatasi ya pili. Pamoja na hayo, wanafunzi wengi huanza na kuishia kwenye majina ya vifaa, kwa kuwa majina ni rahisi kuyakariri.

Ada ni jambo zito, na nitalisema waziwazi. Kila karatasi hulipiwa zaidi ya dola 200 za Kimarekani, na anayeshindwa hulipa upya ada nzima. Karatasi mbili kwa pamoja huzidi mshahara wa mwezi mmoja wa mwalimu wa shule ya msingi anayeanza kazi. Maoni yangu ni kwamba mwanachuo ajifunze mtaala wote, ambao hutolewa bure kwa yeyote anayeutaka, lakini asilipe ada mpaka awe na sababu ya kukihitaji cheti chenyewe. Iko pia njia ya nyumbani. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, hupima mafunzo yake kwa umahiri wa vitendo, katika ngazi ya kwanza hadi ya tatu. Anayetaka kazi ya ufundi hapa nchini atafanya vema kuulizia njia hiyo kwanza. Mbinu za maandalizi nitakazozieleza zinafaa kwa njia zote mbili.

Tatizo la lugha

Mtihani wa A+ hautolewi kwa Kiswahili. Mtoto wa Binza huanza na Kisukuma nyumbani, akaja kwenye Kiswahili shuleni, kisha Kiingereza; na mwalimu wake alipanda ngazi hizohizo. Kwa hiyo mtahiniwa wetu hufanya mitihani miwili kwa wakati mmoja: mtihani wa ufundi na mtihani wa kusoma. Wengi wanaoshindwa hushindwa huo wa pili.

Kosa linalofanyika ni kujaribu kujifunza jambo geni kwa lugha ngeni kwa pamoja. Mbinu iliyo bora ni kutenganisha. Kwanza jifunze jambo lenyewe kwa Kiswahili, mpaka uweze kulieleza kwa mwenzako pasipo kutazama daftari. Ndipo ulivalishe jina lake la Kiingereza. Tazama fundi wa baiskeli chini ya mti wake. Maneno yake ni cheni, spoku, pedeli, breki, tairi, tyubu. Yote yalitoka ugenini, lakini hakuna anayeyaona mageni, kwa sababu kila neno lilikuja likiwa limeshikana na kitu kilichokuwa mkononi. Neno la kompyuta nalo likija limeshikana na kitu, halisahauliki. Likija peke yake kutoka kwenye orodha, halikai wiki mbili.

Jitihada za kukifanya Kiswahili kiingie katika kompyuta zimekwisha kufanywa. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao walitoa Jambo OpenOffice, programu za kazi za ofisini zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Maneno kama nywila, kivinjari, tovuti na kipakatalishi tunayo. Mwanachuo ayatumie anapojieleza jambo, kisha pembeni ya daftari aandike jina litakalotumika kwenye karatasi ya mtihani. Daftari la safu tatu linatosha: safu ya kwanza picha ya kifaa au mchoro, ya pili maelezo ya Kiswahili, ya tatu jina la mtihani. Tafadhali asiache safu ya kwanza. Hiyo ndiyo inayofanya kazi.

Kuna vilevile maneno machache ya Kiingereza ambayo huamua swali zima: lile lenye maana ya kwanza, lenye maana ya kinachofuata, lenye maana ya bora zaidi, na lenye maana ya yumkini zaidi. Aghalabu huandikwa kwa herufi kubwa. Swali linaweza kuwa na majibu manne ambayo yote ni ya kweli, ila moja tu ndilo la kwanza kufanywa. Mwalimu anayetunga maswali ya kuchagua kwa darasa la sita atalitambua jambo hili upesi.

Utaratibu wa fundi, na beseni la maji

Kiini cha mtihani, na kwa maoni yangu jambo lenye thamani kuliko yote ndani yake, ni utaratibu wa hatua sita wa kutafuta chanzo cha hitilafu. Hatua hizo ni kutambua tatizo. Kukisia chanzo chake. Kuijaribu dhana hiyo. Kupanga namna ya kutengeneza na kutekeleza. Kuhakikisha kwamba mfumo wote unafanya kazi na kuweka kinga. Na mwisho kuandika kilichotokea. Mwanachuo anaweza kuzikariri kwa dakika tano na asijue kuzitumia kwa mwaka mzima.

Turudi kwa fundi wa baiskeli. Mteja analeta baiskeli, tairi la nyuma halina upepo. Fundi hatoi tyubu mara moja. Anauliza: upepo uliisha ghafla au polepole? Ulipita wapi? Huko ni kutambua tatizo. Akiambiwa upepo huisha usiku kucha, anakisia kuwa ni tundu dogo au vali, wala si mpasuko. Anatema mate kidogo juu ya vali na kuangalia kama pana povu. Anaanza na dhana iliyo nyepesi kuijaribu. Vali ni nzima. Basi anatoa tyubu, anaijaza upepo na kuizamisha katika beseni la maji, akiizungusha taratibu mpaka mapovu yaonekane. Anaziba. Lakini fundi mzuri hamalizii hapo: anairudisha tyubu ndani ya maji mara ya pili, kisha anapitisha vidole ndani ya tairi kuutafuta mwiba wenyewe, maana akiuacha, mteja atarudi kabla ya jioni. Hatua tano zimetimia. Ya sita, yaani kuandika, fundi wa chini ya mti huiweka kichwani. Mtihani hauikubali njia hiyo, na shule pia haifai kuikubali, kwa sababu mwalimu huhamishwa.

Somo hili linaweza kufundishwa katika darasa lolote la vijijini pasipo kompyuta hata moja. Beseni la maji ni zana ya kufundishia. Mwanachuo aliyekwisha kulielewa beseni atalielewa swali la mtihani, hata likimzungumzia mashine ambayo hajapata kuiona.

Sasa tuchukue mfano wa kompyuta. Mwalimu analalamika kwamba tovuti hazifunguki. Kila anapojaribu, kivinjari kinamwonya kuwa tovuti si salama. Mwenye haraka atasema mtandao ni mbovu, au kifurushi kimekwisha. Mwenye utaratibu atauliza: Je, tovuti zote ni hivyo? Je, simu yako kwa mtandao huohuo inafungua? Akijibiwa kwamba simu inafungua, dhana ya mtandao imeanguka. Akitazama pembeni mwa skrini ataona tarehe: mashine inadai kuwa ni Januari 2009. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kwisha, na mashine iliyo mwaka 2009 huviona vyote kuwa havijaanza. Kwa nini tarehe imerudi nyuma? Kwa sababu betri ndogo ya mviringo mfano wa sarafu iliyo kwenye ubao mkuu, yenye namba CR2032 na volti 3, imekwisha, na umeme ukikatika saa ya mashine husahau. Dawa yake ni kubadilisha betri na kurekebisha tarehe. Kuhakikisha ni kuchomoa waya wa umeme usiku kucha na kutazama tarehe asubuhi. Kinga ni kuzikagua kompyuta nyingine zilizoletwa pamoja na hiyo, maana betri zake zina umri mmoja. Kuandika ni mistari miwili katika daftari la shule.

Ninaupenda mfano huu kwa kuwa malalamiko yako mbali sana na chanzo. Ndivyo yalivyo maswali mazuri ya mtihani, na ndivyo alivyo mtoto anayeshindwa kutoa kwa kukopa, ambaye ugonjwa wake ni thamani ya nafasi aliyoikosa darasa la pili.

Mashine mbovu kama zana

Mwanachuo atauliza: nitajifunzaje maunzi nami sina kompyuta? Jibu ni kwamba mashine mbovu hufaa zaidi kuliko nzima, kwa sababu hakuna anayeogopa kuifungua. Iombwe ile iliyo stoo. Vifaa vinavyohitajika ni bisibisi ya nyota, brashi laini, kitambaa kikavu na daftari.

Kabla ya kuifungua, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza swichi ya kuwashia kwa sekunde chache ili chaji iliyobaki iishe. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa ubao. Mwili wa binadamu hubeba umeme tuli ambao yeye hausikii lakini kipande cha kumbukumbu huusikia. Na katika miezi ya kiangazi, hewa ikiwa kavu, umeme huo huwa mwingi zaidi. Mtihani utakutaka utaje mkanda wa mkononi wa kuuondosha umeme huo. Ukipatikana, uvae. Kasha la kugeuzia umeme, ambalo mafundi huliita pawa saplai, lisifunguliwe hata kidogo. Ndani yake mna kapasita zinazotunza umeme mkali hata baada ya waya kuchomolewa.

Hapa pana onyo linalozihusu shule zinazopokea misaada. Kompyuta nyingi za mezani za zamani zina swichi ndogo nyekundu nyuma, yenye maandishi 115 na 230. Mashine iliyotoka Marekani huenda imewekwa kwenye 115. Umeme wa Tanzania ni volti 230. Ukiichomeka bila kuigeuza swichi hiyo, utasikia mlipuko mdogo, na zawadi imekwisha siku ya sherehe ya kuipokea. Itazame swichi kabla ya hotuba.

Baada ya kufungua, chora kwanza. Usichomoe kitu chochote kabla hujachora mahali kilipo na upande kinakoelekea. Kisha toa vipande vya kumbukumbu ya muda, ambavyo mafundi huviita ramu, vihesabu miguu. Kipande cha kompyuta ya mezani cha aina ya DDR3 kina miguu 240, na cha DDR4 kina 288, na pengo lililokatwa katikati halipo mahali pamoja, ili mtu asije akakilazimisha kuingia kwenye nafasi isiyokuwa yake. Nyaya za pawa saplai nazo zina maana ya rangi: njano ni volti 12, nyekundu ni 5, rangi ya machungwa ni 3.3, nyeusi ni ya kurudishia. Waya wa data wa diski aina ya SATA una miguu 7, na ule wa umeme 15. Haya yote ni maswali ya mtihani, na aliyeyahesabu kwa kidole hana haja ya kuyakariri.

Vumbi ni adui mkubwa wa mashine katika nchi ya pamba. Likijaa kwenye feni, prosesa hupata joto na mashine hujizima yenyewe baada ya dakika chache. Unapopuliza vumbi, ishike feni kwa kidole isizunguke. Baada ya kusafisha, vipande vya ramu virudishwe na kukandamizwa mpaka vishikizo vyake vya pembeni vilie. Sitashangaa mashine iliyoitwa mfu ikiwaka.

Mashine ya kuchapisha ifundishwe kwa namna hiyohiyo. Ile ya leza ina hatua saba: kuchakata ukurasa, kuchaji ngoma, kuchora kwa mwanga, kupaka wino wa unga, kuuhamishia wino kwenye karatasi, kuugandisha kwa joto, na kusafisha. Mwanachuo akijua kwamba wino ni unga unaogandishwa kwa joto, ataelewa mwenyewe kwa nini maandishi yanayofutika kwa kidole yanaelekeza kwenye kifaa cha joto na si kwenye wino.

Yale ambayo hayana budi kukaririwa

Sisemi kwamba kukariri kuachwe. Namba za milango ya mtandao hazina mantiki ya kuzigundua: tovuti za kawaida 80, tovuti salama 443, mtafsiri wa majina ya tovuti 53, kutuma barua pepe 25, kupokea kwa njia ya POP3 110, kwa njia ya IMAP 143, kuitawala kompyuta kwa mbali 3389. Hizi zikaririwe kama jedwali la kuzidisha, kidogo kidogo kila siku, dakika kumi asubuhi na dakika kumi jioni, kwa kadi ndogo zilizokatwa kutoka maboksi. Kadi unayoikosa irudi mbele ya fungu; unayoipata iende nyuma. Saa tatu za Jumamosi haziwezi kufanya kazi ya dakika ishirini za kila siku.

Anwani za mtandao ziko katikati, baina ya kukariri na kufahamu. Mafungu ya ndani ni yale yanayoanza na 10, yale ya 172.16 hadi 172.31, na yale ya 192.168. Inayoanza na 169.254 ni anwani ambayo kompyuta imejipa yenyewe baada ya kuomba na kutojibiwa. Kwa hiyo ukisoma swali linalosema kwamba kompyuta ya ofisi ina anwani 169.254.10.7 na haioni mtandao, jua kwamba mgawa anwani hakufikiwa. Tazama kwanza waya na kisambazi, usianze kubadilisha mfumo endeshi. Anayetaka kufahamu zaidi ajifunze namba za msingi wa mbili kwa punje za mahindi katika nafasi nane: 128, 64, 32, 16, 8, 4, 2 na 1. Punje kwenye 128 na 64 ni 192. Punje kwenye 128, 32 na 8 ni 168. Watoto wa darasa la tano hulifurahia zoezi hili, nao hujifunza thamani ya nafasi pasipo kuambiwa kwamba wanajifunza.

Milio ya kompyuta inapowaka hutofautiana kwa watengenezaji. Usipoteze muda kwayo.

Igizo la watu watatu

Asilimia 21 za karatasi ya pili ni taratibu za kazi, na ndani yake mna jambo ambalo wengi hulidharau, yaani namna ya kuzungumza na mwenye mashine. Kwa hili napendekeza igizo. Wanachuo wawe watatu: mmoja mwenye mashine, mmoja fundi, mmoja mwandishi anayetia alama kila hatua inapotimia. Mwenye mashine awe na hitilafu aliyoiandika kwenye karatasi iliyofichwa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hebu itazame mashine hii, imekufa."

"Pole, Mwalimu. Ilianza lini?"

"Jana. Nilikuwa naandika ratiba, mara ikazima."

"Kabla haijazima, ulisikia mlio au harufu yoyote?"

"Harufu kidogo, kama ya kitu kinachoungua. Na umeme ulikuwa umekatika ukarudi."

Kwa maswali mawili fundi amepata karibu kila kitu. Laiti angeanza kwa kuuliza, "Umeifanya nini?", mwalimu mkuu angejitetea, na habari ya umeme kukatika isingetoka. Mtihani hupima jambo hili kwa maswali ya kuchagua, na jibu lililo sahihi karibu daima ni lile la kumsikiliza mtu mpaka mwisho, kutomlaumu, na kutotumia maneno ya kitaalamu asiyoyajua. Mtoto aliyelelewa kwa adabu za kwetu huyapata maswali haya kwa urahisi. Ni mahali pamoja ambapo mtihani wa ugenini umetukuta tumejiandaa.

Kuhusu maswali ya wizi

Wapo wanaouza maswali ya mtihani uliopita, yakiwa na majibu. Mtahiniwa hutia saini ahadi ya kutotumia wala kusambaza maswali hayo, na akigundulika hunyang'anywa cheti. Hilo ni la sheria. La mbinu ni kwamba majibu yanayouzwa mara nyingi si sahihi, na anayekariri herufi za majibu hana njia ya kujua lipi limekosewa. Nami humwazia mwalimu aliyefaulu kwa njia hiyo, amesimama mbele ya mashine iliyo wazi, shule nzima inamtazama.

Badala yake, tunga maswali yako mwenyewe. Kila wiki kundi la wanachuo watatu litunge maswali kumi, kila moja na majibu manne, na kwa kila jibu lisilo sahihi waandike sentensi moja ya kueleza kwa nini mtu angelichagua. Hiyo ni kazi ngumu, lakini hakuna zoezi linalomfikisha mtu kwenye fikra za mtunga mtihani kwa haraka kama hilo.

Muda na siku ya mtihani

Mwalimu aliye kazini, mwenye vipindi na shamba, ajipe miezi sita kwa karatasi zote mbili. Miezi minne ni mifupi mno kwa mwenye darasa lenye watoto wengi. Apange azimio lake kwa kufuata msimu: majuma ya palizi na ya kuvuna pamba yasiwekewe mada nzito, bali kadi tu. Mitandao na usalama ziwekwe katika likizo, wakati akili imetulia. Kazi ya vitendo ifanyike mchana, kwa mwanga wa dirisha, maana umeme unaweza kukatika bisibisi ikiwa ndani ya kasha.

Katika chumba cha mtihani, maswali ya utendaji, yale yanayomtaka mtahiniwa apange vifaa au arekebishe mtandao kwenye skrini, aghalabu huja mwanzoni. Yanakula muda. Yawekee alama, yaruke, maliza maswali ya kuchagua, kisha uyarudie ukiwa na dakika zisizopungua ishirini. Usiache swali lolote tupu. Swali refu lisomwe kuanzia mwisho, pale linapouliza, ndipo uende juu kutafuta habari unazozihitaji; hilo humsaidia sana anayesoma kwa lugha ya tatu.

Anayeshinda hupewa cheti kinachodumu miaka 3, kisha hukihuisha kwa kujifunza zaidi au kwa kufanya mtihani tena. Anayeshindwa mara ya kwanza anaweza kurudia bila kungoja, ila kwa jaribio la tatu hutakiwa angoje siku zisizopungua 14. Karatasi ya matokeo humwonyesha mada alizokosea. Asiitupe kwa hasira. Aibandike katika daftari lile la safu tatu, na mada zilizotajwa humo ziwe ndizo azimio lake jipya la kazi.